Hakuna Aliyemloga Mtoto Huyu

Zamani kijana alipotaka kuoa, wazee hawakukimbilia kupeleka posa. Kwanza walimtuma mtu mwenye macho na masikio auchunguze ukoo wa msichana. Je, ukoo ule una kifafa? Una ukoma? Una wendawazimu? Ni watu wa kazi, au ni wavivu? Wazee wa msichana nao walifanya vivyo hivyo juu ya ukoo wa kijana. Hawakuona haya kuuliza, maana walijua kwamba anayeoa haoi mtu mmoja tu, aoa na ukoo wake.

Desturi hiyo ilikuwa na akili ndani yake, ndugu msomaji, ingawa si kila ugonjwa walioulizia ni wa kurithiwa. Ukoma, kwa mfano, haurithiwi. Huambukizwa, na leo unapona kwa dawa. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa kurithiwa kweli kweli, ambao wazee wetu pamoja na busara yao yote hawakuweza kuuona. Huingia katika nyumba ya baba mwenye nguvu za kulima tangu alfajiri na mama asiyejua kuumwa. Ukiwatazama wazazi hao huoni dalili yoyote. Ukiuliza majirani, watakuambia ni watu wazima wa afya. Lakini ndani ya damu yao kuna kitu, nao wenyewe hawana habari.

Ugonjwa huo unaitwa selimundu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Basi si jambo la mbali. Linaweza kuwa katika kijiji chako, katika jumuiya yako, hata chini ya paa lako. Kaa kitako tulizungumze.

MTOTO HUYU ANA NINI?

Mambo huanza hivi. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri, na wote wanafurahi. Afikapo miezi sita hivi, huanza kubadilika. Vidole vyake vya mikono na miguu huvimba, naye hulia usiku kucha. Macho yake huwa ya manjano. Damu humpungukia. Bandama lake hukua. Homa humjia mara kwa mara. Akikua kidogo hulalamika mifupa yamuuma, leo mguu, kesho mgongo, na maumivu hayo huzidi wakati wa baridi au akiisha kukimbia sana juani. Wenzake wa rika humpita kwa kimo.

Hapo ndipo maneno yanapoanza nyumbani. Mama mkwe asema: "Katika ukoo wetu hatujapata kuona kitu cha namna hii. Mwanamke huyu katuletea mkosi." Shangazi ataja jina la jirani mwenye kijicho. Baba auza mbuzi, amwendee mganga wa ramli. Mganga ala mbuzi, amchanja mtoto chale, ampeleka nyumbani vile vile alivyokuja. Mtoto akifa, na wa pili akishikwa na hali ile ile, mara nyingi mama hurudishwa kwao na nguo zake kichwani.

Msomaji mpenzi, yafaa tuseme waziwazi: hakuna aliyemloga mtoto huyu. Jirani hana kosa, na mama hana kosa. Wala Mungu hamwadhibu mtoto mchanga kwa dhambi za babu yake. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Jibu hilo lawatosha hata watu wa leo.

MUNDU NDANI YA DAMU

Sasa tuone ugonjwa wenyewe. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina chembe nyekundu nyingi sana, ndogo mno, zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe hizo ndizo wachukuzi wetu: hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe nzuri ni ya mviringo, kama kitumbua kilichobonyea katikati, tena ni laini. Ikifika kwenye mshipa mwembamba hujikunja ikapita.

Chembe ya mgonjwa wa selimundu haiko hivyo. Ikiisha kutoa hewa yake hukakamaa, ikapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo maana ya jina lake. Miundu hiyo hukwama katika mishipa myembamba kama matawi yanavyoziba mfereji wa maji. Mahali palipozibwa hapapati hewa, na hapo ndipo yatokapo yale maumivu makali. Tena chembe nzuri huishi siku 120 hivi, lakini chembe za mundu huvunjika baada ya siku 10 au 20 tu. Mwili hauwezi kutengeneza nyingine upesi hivyo, ndipo damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Ugonjwa huu ulikuwako Afrika tangu kale, lakini wa kwanza kuuandika katika vitabu vya utabibu alikuwa daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa limo ndani ya kile kitu chekundu kibebacho hewa, kiitwacho himoglobini. Mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha jinsi kosa lenyewe lilivyo dogo. Fikiri ukuta wenye matofali 146, na fundi amekosea tofali moja tu, la sita. Ndilo hilo tu. Kosa dogo namna hiyo laweza kumliza mtoto usiku kucha.

PADRE NA NJEGERE ZAKE

Utauliza: je, kosa hilo humfikiaje mtoto, ikiwa baba na mama ni wazima? Aliyetufungulia njia ya kujibu swali hili alikuwa mtawa na padre, mtoto wa wakulima kama wewe. Jina lake Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, akaingia monasteri ya Waagustino katika mji wa Brno, akapadrishwa mwaka 1847. Kuanzia mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akizihesabu moja moja kwa subira.

Alichukua njegere laini akazichanganya na njegere zenye makunyanzi. Watoto wote walikuwa laini. Watu wengine wangesema makunyanzi yamekwisha. Padre Mendel hakusema hivyo. Aliwapanda watoto hao, akahesabu wajukuu: njegere 5,474 laini, na 1,850 zenye makunyanzi. Makunyanzi yamerudi! Yalikuwa yamejificha tu. Tena yalirudi kwa hesabu: karibu moja katika kila nne.

Padre Mendel akafahamu kwamba kila mche hupokea mbegu mbili za kila sifa, moja ya baba na moja ya mama. Mbegu moja yaweza kuificha nyingine, lakini iliyofichwa haifi. Aliyaandika hayo mwaka 1866, na watu hawakumwelewa. Alifariki mwaka 1884 bila kusifiwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa mwaka 1900 ndipo wataalamu walipotambua kwamba padre yule alikuwa amesema kweli.

Nasi wanadamu ndivyo tulivyo. Katika kila sehemu ndogo ya mwili wetu mna nyuzi 46 za urithi. 23 tumezipokea kwa baba, na 23 kwa mama. Mbegu za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, zimo katika nyuzi hizo. Usemapo, "Mtoto huyu ana pua ya babu yake," wazungumza habari za jeni bila kujua.

HINDI NA HARAGWE

Leo jioni, baada ya chakula, fanya jambo hili mbele ya watoto wako wakubwa. Twaa bakuli mbili. Moja ni baba, nyingine ni mama. Katika kila bakuli weka punje moja ya hindi na moja ya haragwe. Hindi ni mbegu nzuri ya damu. Haragwe ni mbegu ya selimundu.

Mtu mwenye hindi na haragwe si mgonjwa. Hindi lamtosha, naye hulima, hucheza mpira, huzeeka kama watu wengine. Tumwite mbeba mbegu. Baba wa mfano wetu ni mbeba mbegu, na mama pia. Sasa fumba macho, chukua punje moja kutoka kila bakuli. Huyo ndiye mtoto. Mtazame, kisha rudisha punje mahali pake, uchukue tena.

Ukirudia mara nyingi utaona mambo matatu. Katika kila mara nne, kwa wastani, mara moja utapata mahindi mawili: mtoto mzima asiye na mbegu yoyote ya ugonjwa. Mara mbili utapata hindi na haragwe: mbeba mbegu kama wazazi wake. Na mara moja utapata maharagwe mawili. Huyo ndiye mtoto mgonjwa.

Ona basi: haragwe moja limetoka kwa baba, na jingine kwa mama. Hakuna mtoto wa selimundu aliyeletewa ugonjwa na mama peke yake. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo ajue kwamba nusu ya mzigo ametoa yeye.

Tena angalia jambo jingine. Bakuli haikumbuki. Wazazi wengine husema, "Tumekwisha pata mgonjwa mmoja, basi watatu watakaofuata watakuwa wazima." Sivyo. Kila mimba ni kufumba macho upya. Yawezekana kupata watoto wanne wote wazima, na yawezekana kupata wagonjwa wawili wakifuatana.

Sasa badilisha bakuli moja. Mpe mama mahindi mawili, na baba abaki na hindi na haragwe. Fumba macho mara mia, hutapata maharagwe mawili hata mara moja. Yaani mbeba mbegu akimwoa mtu asiye na mbegu, hawatazaa mgonjwa wa selimundu, ingawa nusu ya watoto wao huenda wakawa wabeba mbegu. Hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba kupima mapema kuna faida.

Hata ualbino hurithiwa kwa njia hii hii. Wazazi wawili weusi, kila mmoja akiwa na mbegu moja iliyofichika, huweza kuzaa mtoto mwenye ngozi nyeupe. Mtoto huyo si shetani wala si mali ya waganga, na mama yake hakutembea na mtu mwingine. Wale waliomwaga damu ya ndugu zetu hao kwa ajili ya utajiri waliua watoto wa Mungu kwa sababu ya uongo mtupu.

KWA NINI KWETU MBEGU HII NI NYINGI?

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, jina lake Anthony Allison, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo. Aliona kwamba kando ya bahari na karibu na Ziwa Victoria wabeba mbegu walikuwa wengi, lakini nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache sana. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine huko Bwamba, magharibi ya Uganda, ulionyesha wabeba mbegu wapatao 45 katika kila watu 100. Allison akajiuliza: pwani na ziwani pana nini ambacho milimani hakipo? Jibu ni mbu! Mwaka 1954 alitangaza kwamba mbeba mbegu hukingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali iuayo watoto.

Basi mbegu hii si laana iliyoangukia kabila fulani. Ilikuwa ngao ya babu zetu penye mbu wengi. Ndiyo maana iko pia Uarabuni, India na Ugiriki, mahali palipokuwa na malaria. Lakini usikosee: ngao hiyo ni ya mwenye mbegu moja. Mtoto mwenye mbegu mbili malaria humwua upesi kuliko mtoto mwingine.

KUPIMA NI KUJUA, SI KUHUKUMU

Siku hizi damu yaweza kupimwa. Tone la damu lachukuliwa, na hospitali yaweza kusema una mbegu ngapi. Viko hata vipimo vidogo vinavyotoa jibu kwa muda wa robo saa hivi. Lakini uliza vizuri. Kipimo kimoja cha zamani huonyesha tu kwamba mbegu ya mundu ipo, hakisemi kama ni moja au ni mbili. Ukiambiwa "una selimundu" kwa kipimo hicho, usiondoke na hofu. Omba kipimo kamili kinachopambanua.

Hapa ndipo linapoingia swali la dhamiri. Je, watu walazimishwe kupimwa? Na wakiisha kupimwa, nani aambiwe?

Tujifunze kwa wenzetu. Huko Ugiriki kuna mji wa wakulima uitwao Orchomenos. Zaidi ya miaka 50 iliyopita matabibu walipima damu za wenyeji, maana selimundu ilikuwa nyingi kwao. Walitumaini kwamba wabeba mbegu watachagua wachumba wasio na mbegu. Kusudi lilikuwa jema. Lakini ndoa za huko zilipangwa na wazazi, na majibu ya damu yaligeuka kuwa aibu. Wabeba mbegu, watu wazima wa afya kabisa, walionekana kuwa na doa. Wengine wakaficha majibu yao ili wapate kuoa au kuolewa. Hivyo ndoa za mbeba mbegu kwa mbeba mbegu ziliendelea kufungwa, na aibu ikabaki juu yake.

Marekani nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwalazimisha watu weusi wapimwe. Wabeba mbegu walichanganywa na wagonjwa. Wengine walinyimwa kazi, wengine bima. Chuo cha jeshi la anga kiliwafungia mlango hadi mwaka 1981. Sheria ya taifa ya mwaka 1972 ililazimika kusahihisha jambo hilo kwa kutaka kupima kuwe kwa hiari.

Kanisa nalo liliona hatari hii mapema. Mwaka 1930, wakati serikali mbalimbali zilipokuwa zikiwakataza kuoa, hata kuwahasi, watu walioitwa dhaifu, Papa Pio XI aliandika katika barua yake Casti Connubii kwamba serikali haina haki ya kuwazuia watu wanaoweza kufunga ndoa eti kwa sababu watoto wao huenda wakawa na ila. Lakini alikiri kwamba mara nyingine yafaa kuwashauri wasioane. Naye Papa Pio XII, mwaka 1958, aliposema na madaktari wa damu juu ya ugonjwa mwingine wa damu wa kurithiwa, alifundisha vivyo hivyo: kushauri ni halali, na kupima kabla ya ndoa ni vema, lakini kukataza si halali. Hata leo, katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, selimundu haimo kati ya vizuizi vya ndoa. Padre hawezi kuwanyima wachumba Sakramenti ya Ndoa kwa sababu ya mbegu ya damu.

Basi shika mambo haya. Apimwaye apimwe kwa hiari yake, akiisha kuelezwa. Majibu ni mali yake. Atamwambia mchumba wake, maana kumficha mchumba jambo la namna hiyo ni kumdanganya. Lakini mshenga hana haki ya kuyadai, wala jirani, wala kiongozi wa jumuiya. Matangazo ya ndoa husomwa kanisani mara tatu; majibu ya damu hayasomwi hata mara moja. Na wewe mwuguzi wa zahanati usomaye gazeti hili, ulimi wako ni sehemu ya dawa. Usiyapeleke majibu ya mtu kisimani.

Jambo jingine la siri: huenda mtoto akakutwa na mbegu mbili, na baba akipimwa aambiwe hana hata moja. Asikimbilie kushika fimbo. Vipimo hukosea, tena ziko aina nyingine za kasoro za damu zinazoweza kuleta hali hiyo. Amwone daktari kwanza.

Na lini kupima? Si siku ya kushona gauni la harusi. Wakati huo mahari imekwisha lipwa, ng'ombe wamekwisha kula majani ya ukweni, na moyo umekwisha fungwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana apime mapema, kabla hata ya kupeleka posa, ajijue. Ajuaye mapema huchagua kwa utulivu.

MKIKUTWA NYOTE WAWILI MNA MBEGU

Pengine ninyi wawili mmekwisha pendana, mmepima, na nyote mna mbegu moja moja. Mfanye nini? Gazeti halitawaamulia, wala mjomba hatawaamulia. Hatari mnaijua sasa: katika kila mimba, nafasi moja kwa nne.

Wako watakaoachana kwa amani kabla ya kuahidiana. Hiyo si dhambi wala si ukosefu wa mapendo. Wako watakaooana kwa macho wazi, huku wakikubali kumlea yeyote Mungu atakayewapa. Hao nao wasichekwe. Lakini waoane wakijua kazi iliyo mbele: kuzalia karibu na hospitali, kumpima mtoto mapema, na kuwa tayari kwa gharama za matibabu. Wakiwa na sababu nzito za kuchelewesha mimba, Kanisa lawafundisha njia ya kufuata siku za mwanamke; mwoneni padre na wafanyakazi wa afya wa parokia. Na kupima mimba tumboni ili mtoto mgonjwa auawe, Kanisa halikubali, maana mtoto huyo ni mtu tayari. Kupima ili atunzwe vema zaidi, bila kumdhuru yeye wala mama, ni jambo jingine.

Wala msikae mkalia tu. Wazazi mnaosoma haya, kama mwana wenu ataamua hivi au vile, msimtolee maneno. Mmempa mbegu hiyo ninyi.

AKIZALIWA MTOTO MGONJWA

Sasa habari njema. Mtoto wa selimundu si maiti inayongoja kaburi. Wako wagonjwa wa selimundu walio walimu, waganga, akina mama na akina baba. Lakini wameishi kwa sababu walitunzwa. Shika haya:

Mpeleke kliniki, aandikishwe, ahudhurie kila anapoitwa hata akiwa hana maumivu. Ampate daktari ampe penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano, maana kabla ya hapo vijidudu vya homa ya mapafu huwaua upesi watoto hao. Apate chanjo zote. Apewe vidonge vya foliki asidi, na dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyosema. Alale katika chandarua kila usiku, si siku za mvua tu.

Anywe maji mengi. Mwalimu amruhusu kwenda na chupa ya maji darasani, na kutoka nje anapohitaji. Avae nguo za kumkinga na baridi. Usimnunulie dukani dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma bila kuambiwa na daktari. Damu yake haikupungua kwa kukosa chuma, na chuma kikizidi humdhuru.

Akipata homa, usingoje asubuhi. Akipumua kwa shida, tumbo likivimba ghafula upande wa kushoto, akipauka sana, au mkono na mguu vikilegea upande mmoja, mkimbize hospitali saa ile ile. Ni heri kuukopa usafiri wa jirani usiku kuliko kumkopa jembe la kuchimbia kesho.

Tena uliza juu ya dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola. Waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, walihitaji kuongezewa damu mara chache, hata malaria na vifo vilipungua. Si dawa ya kununua kiholela, kwa sababu damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara anapoitumia. Lakini uliza.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu hata matibabu ya kusahihisha chembe za mgonjwa ili atengeneze damu njema. Lakini bei yake huko Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mtu mmoja, nayo huhitaji hospitali kubwa sana. Tusali na kudai siku ije itakapowafikia wanyonge. Wakati huo huo tusidharau penisilini, chandarua na maji ya kunywa. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyookoa watoto wetu leo.

Haya, wazazi. Mna vijana waliofikia umri wa kuchumbia? Wakalisheni chini, wapeni ile habari ya hindi na haragwe, kisha waacheni waende wenyewe kupima. Mna mtoto mwenye kuvimba vidole na macho ya manjano? Msiuze mbuzi kwa ajili ya ramli. Uzeni kwa ajili ya nauli ya kwenda hospitali, baba na mama pamoja, maana mtoto ni wenu nusu kwa nusu. Na kama kijijini kwenu yuko mama aliyefukuzwa kwa kosa asilolifanya, mwende mkamsalimu, mkamwambie mliyoyasoma hapa, na mumewe naye mkamwambie.